Kilimi Kilichochoka

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa wodi ya wazazi, baada ya stoo ya mashuka na kabla ya mlango wa nyuma unaotokea kwenye kamba za kuanikia. Zamani kilikuwa cha kutupia vitanda vibovu. Sasa kilikuwa na viti vitatu vya mikono, mapazia mazito kati ya kiti na kiti, mashine tatu za kukamulia maziwa juu ya meza za magurudumu, sinki, jiko la umeme lenye sufuria kubwa, na dirisha moja refu lililoingiza jua tangu asubuhi mpaka saa tano. Hapo ndipo walipokuja akina mama ambao watoto wao walizaliwa kabla ya siku zao na hawakuwa na nguvu za kunyonya. Watoto walilala chumba cha pili, ndani ya masanduku ya kioo yenye joto. Mtoto hawezi kulifuata titi, basi maziwa humfuata mtoto, kupitia mrija mwembamba unaoingilia puani.

Mwenye chumba, ikiwa chumba cha hospitali kinaweza kuwa na mwenyewe, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyeajiriwa kupiga deki. Hakuna aliyemkabidhi mashine. Alizichukua mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anavyozoea kulalia ubavu mmoja. Wiki yake ya kwanza, miaka kumi na mmoja nyuma, alisogeza meza apate kupitisha dekio, akaona mpira umechomoka kwenye mashine. Akamwuliza muuguzi, "Kwa nini huu umechomoka?" Muuguzi hakujua. Akamwuliza wa pili. Akamwuliza daktari aliyekuwa akipita na kikombe chake cha chai. Mwishowe akauchomeka mwenyewe, mashine ikavuta, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za mshahara tu. Wote walimwita Bi Kwanini, naye aliitika.

Tabia hiyo alikuja nayo duniani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia kwanza, aliangaza macho. Akiwa na miaka saba alipasua godoro kwa wembe ajue kilichomo. Alichapwa, na katikati ya kuchapwa akauliza kwa nini fimbo inalia hewani kabla haijafika mwilini. Mume aliyemwoa aliyavumilia maswali miaka tisa, kisha akaenda zake, na hilo nalo alijiuliza kwa muda mrefu bila kupata jibu la kumtosha. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Wote walinyonya vizuri, wakashiba, wakakua, wala hakupata kufikiri kwamba maziwa ni jambo la kufikiriwa. Mpaka alipoingia chumba kile.

Humo alijifunza kwamba mashine ni kitu kimoja na viungo ni kitu kingine. Mashine ni sanduku lenye mota, na akina mama wanaweza kupokezana. Viungo, yaani vile vinavyogusa mwili na maziwa, kila mama ana vyake. Kuna kikombe kipana kinachokaa juu ya titi, ambacho akina mama walikiita tarumbeta. Kuna mpira wa kupitishia hewa. Kuna chupa. Na katikati, pale shingo ya tarumbeta inapokutana na chupa, kuna kitu kidogo cha mpira laini ambacho karatasi iliyokuja na mashine ilikiita valvu. Bi Kwanini alikiita kilimi, kwa sababu kilimkumbusha kile kinyama kinachoning'inia kooni: kidogo, kimya, na huijui kazi yake mpaka kiugue. Ncha yake ina mwanya mwembamba kama jicho la mtu anayesinzia. Mashine ikivuta, mwanya unafumba ili hewa isipite. Mashine ikiachia, unafumbua na maziwa yanadondoka chupani. Fumba, fumbua, kutwa kucha.

Alipigilia ubao ukutani, misumari kumi na miwili, na kila mama akapewa msumari na uzi wa rangi yake. Viungo vyake vikishaoshwa, vikachemshwa na kukaushwa, vilitiwa kwenye mfuko safi na kutundikwa hapo. Msumari wa mwisho haukuwa na uzi. Hapo vilitundikwa viungo vya Bi Kwanini mwenyewe, vya kupimia. Mama akilalamika kwamba mashine haivuti, yeye alinawa mikono, akachukua viungo vya msumari wa mwisho, akaviunga kwenye mashine na kulibana tarumbeta kwenye kiganja chake. Kamwe hakugusa viungo vya mama mwingine kwa kiganja. Sheria hiyo hakuandikiwa na mtu, aliitunga mwenyewe, kwa usafi, na alijivunia.

Basi palikuwa na mama wa uzi mwekundu. Yeye kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Alikuwa mwembamba, vidole virefu visivyotulia, na hakukosa chanuo la mkia mrefu alilolichomeka kichwani, kama seremala na penseli yake sikioni. Mtoto wake alikuwa uzao wa kwanza, msichana, aliyezaliwa wiki tisa kabla ya wakati, na alipofika mizani ilikataa kumpa hata kilo moja na nusu.

Wiki ya kwanza msusi aliwashangaza wote. Wengine walipata matone, yeye akajaza mililita sitini kila anapoketi.

"Wewe dada, umemeza ng'ombe?" aliuliza mwalimu wa shule, mama wa uzi wa kijani, kutoka nyuma ya pazia.

"Nimemeza zizi zima," akajibu msusi.

Wiki ya tatu zizi likaanza kukauka. Sitini zikawa arobaini, arobaini zikawa ishirini na tano, na Jumatano hiyo akakaa nusu saa nzima akatoka na kumi. Aliiinua chupa juani na kuitazama kama anayesoma barua ya kuachwa.

Mama mkwe wake alikuwepo. Alikuja kila siku na mfuko wa nguo za mtoto na chupa ya chai ya moto, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka kwenye kamba za kuanikia.

"Sisi kwetu maziwa hayakauki," alinong'ona. "Huyu mume wako nilimnyonyesha mpaka akaweza kuniita kwa jina."

Sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi, akaingia na daftari lake. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Aliitazama chupa, akamtazama msusi, kisha akageuka. "Bi Kwanini, hebu nipimie mashine namba mbili."

Bi Kwanini akanawa. Akachukua viungo vya msumari wa mwisho, akaviunga, akawasha, akalibana tarumbeta kiganjani. Likamng'ang'ania kama ruba. Alipolibandua, kiganja kilikuwa na duara jekundu, akamwonyesha Sista.

"Nzima," alisema. "Hii ingeng'oa msumari."

Sista akaketi ukingoni mwa kiti. "Mwanangu, sikiliza. Kuna mama amejifungua mapacha jana na hana nafasi. Mashine ni tatu, unaziona. Nitakuachia mpaka Ijumaa asubuhi. Yasipoongezeka, nafasi nitampa yeye, na mtoto wako tutamwanzishia maziwa ya kopo. Utaendelea kukamua kwa mkono, utakachopata tutampa. Si adhabu. Mwili una mambo yake."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Kwa mkono alikuwa ameshajaribu, na vidole vile vilivyoweza kusuka mistari arobaini kabla ya adhuhuri viliambulia matone matatu.

Sista alipotoka, mama mkwe akasogeza kiti. "Umesikia? Mashine nzima. Bi Kwanini mwenyewe amesema."

"Nimesikia, Mama."

"Basi ni mawazo. Acha mawazo."

"Niyaache wapi, Mama?"

Bi Kwanini alikuwa akikamua dekio kwenye ndoo. Neno lake lilikuwa limeshaota miguu. Kufika saa nane mpishi wa wodi alikuwa analo, mfua nguo analo, na hata mlinzi wa mlango wa nyuma alimwambia kwa huruma, "Nasikia yule msusi ni yeye mwenyewe, si mashine." Hakuna aliyemlaumu msusi. Walimwonea huruma, na huruma ile ilimkalia vibaya kuliko lawama, maana alianza kutembea akiwa amekunja mikono kifuani, kama mtu anayeficha kitu kilichovunjika.

Kilichomkera Bi Kwanini hakikuwa hicho, au alijiambia hakikuwa hicho. Kilichomkera kilikuwa sauti.

Alhamisi asubuhi alikuwa sinkini, mgongo umeelekea viti, anasuuza chupa. Kwenye kiti cha kati mwalimu alikuwa akikamua kwa mashine namba mbili. Mashine ilivuta, ikanyamaza kidogo kama anayebana pumzi, kisha ikaachia kwa kishindo kidogo: *mmmh, tk. Mmmh, tk.* Mwalimu akamaliza, akaenda zake kumwona mtoto, msusi akakaa kiti kile kile, mashine ile ile. Na Bi Kwanini, bado mgongo umeelekea viti, akasikia: *hhhaa, hhhaa, hhhaa.* Hapakuwa na kubana pumzi, wala *tk*. Ilihema tu, kama mzee apandaye ngazi.

Akafunga bomba la maji.

"Mashine inajuaje nani amekaa?" aliuliza.

"Shangazi?" msusi akasema.

"Hii mashine. Mwalimu akikaa inaimba wimbo mmoja, ukikaa wewe inaimba mwingine. Kwa nini?"

"Labda inabagua wasusi," alisema msusi, na lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu Jumatatu.

Bi Kwanini hakucheka. Alivuta kiti kifupi, akaketi karibu, akatega sikio. Mashine moja, umeme mmoja, meza moja. Kilichobadilika ni mwanamke. Kilichobadilika ni mwanamke na...

Akageuza macho polepole kwenye ubao wa misumari. Uzi wa kijani: mfuko wa mwalimu, mtupu, viungo vyake vikiwa sinkini. Uzi mwekundu: mfuko wa msusi, mtupu, viungo vyake vikiwa hapa, kifuani pake. Na mwisho kabisa, bila uzi, viungo vyake mwenyewe ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, karibu vipya, maana havikuwa na kazi nyingine duniani ila kubana kiganja chake mara moja kwa wiki.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akipima mashine kwa viungo vizima na kuwaambia wanawake kwamba mashine ni nzima.

Jua lilikuwa limefika mguu wa meza. Alimkumbuka muuza mboga wa mwaka juzi, mama wa uzi wa buluu, aliyeondoka kwa mlango wa nyuma amejikaza kifua kwa nguo ili maziwa yaishe haraka. Alikuwa ameaga kila mtu kwa adabu na kusema, "Basi, si kila kisima kina maji." Bi Kwanini alikuwa amempimia mashine yake pia. Alikuwa ameonyesha kiganja. Sasa alitamani kumwuliza yule mama swali moja tu, jinsi mashine yake ilivyolia, lakini hakujua hata anakoishi.

"Ukimaliza," alimwambia msusi, "usivioshe. Nipe nivione."

Mama mkwe alipoingia na chupa yake ya chai alimkuta Bi Kwanini amejaza bakuli maji na kuliweka juu ya meza ya mashine, na msusi amesimama pembeni.

"Mnapika nini?" aliuliza.

"Tunauliza," alisema Bi Kwanini.

Kwanza aliunga viungo vya msumari wa mwisho, akauchovya mdomo wa tarumbeta majini, akawasha. Maji yakaruka mpaka shingoni, yakasimama hapo, yakashuka mashine ilipoachia. *Mmmh, tk.* Akazima. Akaunga viungo vya uzi mwekundu. Maji yakapanda nusu kidole, yakasitasita, yakarudi. *Hhhaa.*

Msusi alisogea. Hata mama mkwe akaweka chini chupa ya chai.

"Rudia," alisema msusi.

Alirudia, ikawa vile vile. Basi Bi Kwanini akaanza kubadilisha kimoja kimoja, kama mtu anayewauliza mashahidi, mmoja anatoka mwingine anaingia. Akaweka mpira wa uzi mwekundu kwenye viungo vyake: maji yakaruka mpaka shingoni. Si mpira. Akaweka tarumbeta la msusi: yakaruka. Si tarumbeta. Chupa: yakaruka. Akabakiwa na kile kidude kidogo, akakichopeka mahali pake, akawasha.

Nusu kidole.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mama mkwe, kwa sauti yake halisi, ile ya ng'ambo ya barabara.

Bi Kwanini alikitoa kilimi akakipeleka dirishani. Hakikuwa na mpasuko popote. Kilikuwa safi, cheupe, kinang'aa. Akakiinua juani akakitazama kwa jicho moja, na mwanya ambao ungepaswa kulala fofofo ukamchungulia: uzi mwembamba wa mwanga, mwembamba kuliko unywele, toka mwanzo hadi mwisho. Kilimi cha msumari wa mwisho alipokiinua kilikuwa kimefumba kabisa, giza tupu.

"Hiki hakifumbi," alisema. "Mashine inavuta hewa ya chupani, haikuvuti wewe. Na titi lisilovutwa linadhani mtoto ameshiba, linapunguza. Lakini kwa nini? Hakina hata wiki nne. Cha mwalimu kina wiki sita na kinafumba. Mwanangu, hebu nioshee hiki. Kioshe kama unavyokiosha siku zote."

Msusi akakipokea. Akakisuuza kwa maji ya moto na sabuni, kwa uangalifu wote. Kisha, bila kufikiri, mkono wake wa kulia ukapanda kichwani, ukachomoa chanuo, ukalisuuza, na akaupitisha mkia wake kwenye mwanya wa kilimi, taratibu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama anayegawa nywele za mtoto asiyependa kuumizwa.

Alipoinua macho, wanawake wawili walikuwa wakimtazama.

"Nini?" alisema. "Maziwa yanaganda humo. Sista alisema yakiganda yanaleta ugonjwa. Nilikuwa naogopa yasibaki."

"Mara ngapi kwa siku?" aliuliza Bi Kwanini.

"Kila nikikamua. Mara nane." Akalitazama chanuo, akakitazama kilimi. Vile vidole vikatulia, labda kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile. "Ni mimi," alisema. "Nimekiharibu kwa mkono wangu."

Bi Kwanini alisubiri radi kutoka upande wa mama mkwe. Haikuja. Yule mama alikuwa amekaa, ameshika mfuko wa nguo za mtoto mapajani.

"Chanuo nilimnunulia mimi," alisema hatimaye. "Nikamwambia, chokonoa vizuri, hawa watoto wadogo hawana nguvu ya kupigana na uchafu." Akavuta pumzi. "Sasa nani atamsema nani?"

"Mimi wa kwanza," alisema Bi Kwanini. "Jana nilisema nzima. Nilipima kwa kilimi changu, si chake. Na nimekuwa nikifanya hivyo miaka kumi na mmoja."

Mama mkwe akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akampa Bi Kwanini. Aliipokea akanywa.

Mtunza stoo alikuwa na dirisha dogo lenye nondo na kengele ya kugonga, ingawa alionekana wazi amekaa hatua mbili kutoka kwenye kengele. Bi Kwanini aligonga kengele.

"Leo unauliza au unaomba?" alisema mtunza stoo.

"Naomba. Kilimi kimoja."

"Lete cha zamani kilichochanika."

Akakipitisha kati ya nondo. Mtunza stoo akakigeuza, akakivuta kushoto, akakivuta kulia, akakirudisha. "Hiki hakijachanika."

"Hakijachanika. Kimelegea."

"Fomu ina sehemu mbili, Bi Kwanini. Kimechanika, au kimepotea. Hakuna kimelegea."

Mfukoni mwa koti lake alikuwa na mkasi wa kukatia nyuzi. Aliugusa. Kata moja tu, na fomu ingeridhika, na kilimi kingetoka. Alisimama pale akijiuliza kwa nini mkono hautoki mfukoni. Jibu lilipokuja halikuwa la utakatifu. Aliona tu kwamba akikikata, watu wataendelea kuamini kwamba kilimi huwa hakifi mpaka kichanike, naye atakuwa ndiye aliyetia sahihi. Tena kilimi hiki ndicho shahidi pekee aliyekuwa naye.

"Baki na fomu yako mpaka kesho," alisema, akaondoka.

Aliporudi chumbani alikwenda moja kwa moja kwenye msumari wa mwisho. Akafungua mfuko wake, akachomoa kilimi chake, akakiosha na kukitia kwenye sufuria. Maji yalipochemka alihesabu dakika kwa saa ya ukutani, akakitoa kwa koleo, akakiacha kipoe kwenye kitambaa safi. Kisha akakivalisha kwenye shingo ya tarumbeta la uzi mwekundu.

"Na wewe utapimia nini?" aliuliza msusi.

"Nitajua baadaye. Kaa."

Msusi akaketi. Pazia halikufungwa, na hakuna aliyekumbuka kulifunga. Mashine ikawashwa.

*Mmmh, tk.*

Msusi alishtuka, akashika mkono wa kiti. "Inavuta," alisema polepole. "Shangazi, hii inavuta. Ile niliizoea nikadhani ndivyo ilivyo."

Yaliyofuata hayakuwa ya miujiza, na Bi Kwanini hakuyatarajia. Wiki ya kuvutwa nusunusu haifutiki kwa mkao mmoja. Kumi zikawa kumi na nane. Alasiri zikawa ishirini na moja. Mama mkwe alikuwa amehamia karibu na chupa, uso umeinamia alama za mililita, na kila tone lililoanguka alilisindikiza kwa kichwa.

"Ondoa macho, Mama, yataona haya," alisema msusi.

"Yaone haya, lakini yatoke."

Ijumaa asubuhi Sista aliingia na daftari lake. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mama wa mapacha, kijana, mwenye macho makubwa, ameshika mfuko wake mpya wa viungo. Bi Kwanini alikuwa amepanga tangu alfajiri maneno ya kusema, na yote yalimpotea.

"Nilikosea juzi," alisema. "Mashine ilikuwa nzima, kilimi chake kilikuwa kimechoka. Nilipima vya kwangu nikamhukumu yeye."

Sista alitaka kuonyeshwa. Bakuli likajazwa maji tena, kilimi cha zamani kikavalishwa, nusu kidole. Cha mwalimu kikavalishwa kwa ruhusa yake, mpaka shingoni. Sista alitazama mara mbili. Kisha akaitazama chupa ya asubuhi ya msusi: ishirini na nane.

"Tangu jana?"

"Tangu jana mchana."

Akafungua daftari, akafuta kitu, akaandika kingine. "Endelea na kiti chako," alimwambia msusi. "Kopo halijafunguliwa, na lisifunguliwe." Akageuka kumtazama mama wa mapacha, na hapo akakwama, maana mashine zilikuwa bado tatu.

Mwalimu ndiye aliyesema kutoka nyuma ya pazia. "Mashine moja ina saa ishirini na nne, Sista. Sisi tunakuja tunapojisikia, ndiyo maana tunagongana. Nipe ubao wa ratiba, mimi nafundisha watoto hamsini kwa chumba kimoja."

Ratiba ikaandikwa, mama wa mapacha akapewa msumari na uzi wa njano, na Bi Kwanini, kabla ya kumfungulia mfuko wake, akakiinua kilimi chake kipya juani. Giza tupu. Akampa.

Mtunza stoo aliletewa bakuli mpaka dirishani kwake, na mashine ikasukumwa kwa magurudumu yake kupita wodi nzima, watu wakiipisha. Alitazama maji yakipanda na kutopanda. Alitaka kuona tena. Mara ya tatu alitoka nje ya mlango wake, jambo ambalo wengine walisema hawajaliona, akaomba kushika tarumbeta mwenyewe.

"Sawa," alisema. "Lakini kwenye fomu nitaandika nini?"

"Andika kimechoka."

Akafikiri. Akachukua kalamu, chini ya kimechanika na kimepotea akapiga mstari kwa rula, akaandika kwa mwandiko mzuri: *kimechoka*. Akatoa vilimi viwili badala ya kimoja, akasema cha pili kimekosewa kuhesabiwa, asiulizwe kwa nini.

Msusi alifika arobaini Jumatatu, na hamsini na tano wiki iliyofuata. Sitini hazikurudi, lakini mtoto naye hakuhitaji zote. Siku alipovuka kilo mbili alitolewa kwenye kioo akawekwa kifuani pa mama yake, akatafuta, akapata, akanyonya mara sita na kulala, amechoka kama mbeba mizigo. Chanuo lilibaki kichwani kwa msusi, kwa kazi yake ya haki.

Kwenye msumari wa mwisho havikutundikwa tena viungo vya kupimia. Bi Kwanini sasa anapima kwa maji, kila mama kwa vilivyo vyake, kila Jumatatu, iwe kuna anayelalamika au hakuna. Kwenye msumari ule ametundika kilimi cha zamani kwa kipande cha uzi wa buluu. Wengi hudhani uzi ulipaswa kuwa mwekundu. Hajawaeleza.

Siku ya kuruhusiwa, mabegi yakiwa tayari mlangoni na msusi akimfunga mtoto shali, mama mkwe alirudi peke yake chumbani. Alisimama mbele ya ubao mikono nyuma, kama mtu aliye ndani ya duka la vitu vya bei.

"Hebu nikione tena," alisema, na safari hii kunong'ona kwake kulikuwa kunong'ona kweli.

Bi Kwanini akakitungua, akampa. Yule mama akakiinua dirishani, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo kitambo, mdomo wazi kidogo, mpaka wakamwita kutoka nje mara ya pili.

"Kwa hiyo kikiwa kizima mwanga haupiti kabisa?"

"Haupiti."

"Na maziwa yanapita."

"Yanapita."

Akakigeuza upande wa pili, akakiinua tena. "Sasa kwa nini?" aliuliza.

Bi Kwanini akavuta viti viwili.